Ukuta Uliotazama Jua

Huwa ninarudia sala. Nikimaliza, wasiwasi unaniuliza kama nilisimama sawa, nami ninaanza upya. Hata kurasa hizi nimeziandika na kuzichana. Shule sikuingia. Shule zote za cité yetu, mtaa uliotengwa kwa Waafrika, zilikuwa za misheni, na padri alitaka nibatizwe kwanza. Nilijifunza herufi peke yangu, kwa magazeti ya kufungia chumvi, na mtu aliyejifunza hivyo haamini kamwe kwamba amepatia.

Baba yangu alikuwa fundi wa matofali. Aliyafyatua kwa udongo wa vichuguu, kwa sababu mchwa wa huku huulainisha kuliko ungo wowote. Wakristo wa mji wetu wa Elisabethville walikuwa na makanisa yenye kengele. Sisi Waislamu tulisali nyuma ya nyumba za watu, tukishusha sauti. Wazee waliomba kiwanja miaka mingi, mpaka mzungu wa teritwari, msimamizi wetu wa serikali, akatupa kimoja pembeni mwa cité. Sharti lake lilikuwa moja: msikiti uwe na paa kabla ya mvua kuanza, la sivyo anakichukua.

Baba akachimba msingi. Ukuta wa mbele, ule ambao watu wangeuelekea wakisali, aliutazamisha macheo. Sisi wa Maniema ndivyo tulivyofundishwa na babu zetu: dini ilitoka upande wa jua, basi unasimama kwa jua. Ukuta ulipofika kiunoni, akaja mwalimu wetu wa Kurani, mjukuu wa wafanyabiashara wa pwani. Alitoa dira mfukoni, akaiweka juu ya tofali, akamweleza baba kwa upole kwamba kutoka hapa Maka iko kaskazini, ikiegemea mashariki kidogo tu. Ukuta uvunjwe.

Nilidhani baba ataitetea kazi yake. Aliitazama ile dira kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Mwalimu," akasema, "bibi yangu nilimulaza kwa mikono yangu. Uso wake iko kwa jua. Nikivunja huu ukuta, naye nitamufukua?"

Bibi aliyemtaja ni mkewe, mama yangu, aliyefariki mwaka uliotangulia. Wafu wetu hulazwa kwa ubavu wa kulia, uso kwenye kibla. Mwalimu akajibu kwamba aliyekosea bila kujua hana dhambi, wala marehemu hana. Baba akakunja uzi wake wa kupimia, akaenda nyumbani, na kazi ikasimama.

Hapo tukapasuka pande mbili. Watu wa Maniema walisema watu wa pwani wanataka kututawala. Wa pwani wakasema sisi tumesilimu juzi. Kijana mmoja alinisimamisha sokoni akaniuliza, "We mwana ya mason ya matofali, Mungu yenu anatoka na jua, sasa mangaribi analala wapi?" Nilicheka pamoja naye, kwa woga. Kila upande ukatuma wazee wake kwa yule mzungu, kumwomba amtambue mkubwa wao awe mkubwa wa Waislamu wote. Aliwapokea wote kwa adabu. Hakumkatalia mtu. Alisubiri mawingu tu.

Matofali yalikuwa mabichi na juu hakukuwa na paa. Siku mvua ilipofika nilisimama pale nikalowa, nikauona ukuta wa baba ukilegea, ukishuka polepole kama uji. Kiwanja kikachukuliwa, na hakuna aliyejenga chochote. Waliojenga ni mchwa. Kichuguu kiliota juu ya msingi, upande ule ule wa jua, kikapita kimo alichoacha baba. Mpaka leo ninazunguka njia ya mbali nisikione, na bado ninasikia uzi wake ukivutwa na kuachiwa, tung, kama alivyofanya kila asubuhi kuujaribu.

Baba hakusali tena na mtu yeyote. Alipofariki, mwalimu alikuja bila kuitwa. Wachimbaji walikuwa wamesimama na majembe, wakiuliza kaburi lielekee wapi, na watu wote wakanigeukia mimi, mtoto wake wa pekee. Mimi ninashona kofia, na mshono mmoja ninaweza kuufumua mpaka kitambaa kichoke. Kaburi halifumuliwi. Nikamgeukia mwalimu.

Mwalimu akaingiza mkono mfukoni. Nilijua anaitafuta dira. Mkono ukabaki mle, naye akaangalia kaburi la mama lililokuwa kando.

"Mumulaze vile bibi yake iko," akasema. "Bote wawili basiachane."

Siku hizi ninafuata dira. Naamini mwalimu alisema kweli. Lakini ukielekea kaskazini, salamu ya kwanza ya kumaliza sala, ile ya kulia, inaangukia macheo. Ninageuza uso, na wako pale, baba na mama, wamenipa kisogo wakitazama jua. Ninawaambia amani iwe juu yenu. Hawageuki. Ndipo wasiwasi unakuja, nami ninanyoosha mkeka na kuanza tena.