Alhamisi Ambayo Hatukusoma

Kwa miaka mingi nimesema ni mtandao. Nimesema hivyo misibani, harusini, hata kwa padri mmoja aliyeniuliza kwa utani tu, na kila aliyenikumbusha ile Jumamosi ya ghala nilimjibu kwa uso mkavu kwamba huku kwetu mtandao unasumbua, nani asiyejua. Leo nimechoka, acha nikiri. Haukuwa mtandao. Nilikuwa mimi, na gauni la kitenge. Na kwenye vurugu ile nilimpoteza dada Leokadia, ambaye hadi leo sijapata wa kufanya naye kazi kama yeye.

Tulikuwa na chumba kimoja Majengo, juu ya duka la vitambaa la Baba Salum. Mimi nikiandika programu za kompyuta (nilikuwa nimerudi na digrii yangu, na nilihakikisha watu wanajua), yeye akifanya kila kitu kingine. Leokadia alikuwa mpiga chapa wa zamani wa ofisi ya serikali, amenizidi miaka kumi na tano hivi, na kompyuta hakuisomea hata siku moja. Lakini ndiye aliyeanzisha utaratibu wa Alhamisi: nilichoandika wiki hiyo tunakitoa kwenye karatasi, tunachemsha chai, tunafunga dirisha kwa sababu ya upepo (mnaoijua Sumbawanga ya mwezi wa sita mnanielewa), halafu mimi nasoma na kumweleza kila mstari unafanya nini, naye anafuata kwa rula. "Soma kwa sauti, usiruke mstari," ndiyo ilikuwa sala yake ya kufungulia. Asipoelewa anauliza, na nikishindwa kumjibu basi hapo kuna kosa. Tukimaliza anaandika kwenye daftari: Imesomwa, na tarehe.

Mimi niliona ni mambo ya kizamani. Kwangu programu ilipimwa kwa kubonyeza. Ukibonyeza ikaitika, ni nzima. Na kubonyeza kulikuwa na haki yake, maana kuna fomu moja tuliisoma mara tatu tukaridhika, kumbe kwenye simu ndogo kitufe cha kutuma kilikuwa kimezama chini kabisa ya kioo, hakuna anayekiona. Siku hiyo nilimcheka Leokadia hadi chai ikapoa.

"Haya, msomi," akasema. "Wewe bonyeza, na tusome. Tukiacha kimoja tutaumbuka."

Kisha ushirika mmoja wa wakulima wa mahindi ukatupa kazi. Walitaka wanachama waitwe kwa ujumbe wa simu, kijiji kwa kijiji, ili wasirundikane ghalani siku moja. Ujumbe niliouandika ulikuwa mfupi: Mwanachama, lete mahindi yako ghalani kesho asubuhi. Simu isipopokea, programu inatuma tena kila baada ya saa moja. Nikaijaribu kwenye simu yangu, ya Leokadia, ya Baba Salum na za wateja wake wawili waliokuwa wakichagua mashuka, zote zikaita palepale.

Alhamisi ikafika, na programu ilikuwa ianze Jumatatu. Jumamosi ya wiki hiyo ya kuanza kulikuwa na mkutano mkuu wa ushirika, mimi ni mzungumzaji, na fundi wangu wa Kizwite akanitumia habari kwamba nikapime gauni mchana huo kwa sababu anasafiri.

"Dada, leo tusisome," nikasema. "Nimejaribu simu tano, zote zimepokea."

"Simu tano za wapi?"

"Za hapahapa."

"Na wanachama ni wa hapahapa?"

"Dada Leo, fundi ananisubiri."

Aliutazama mkoba uliokuwa tayari begani kwangu. "Msomi gani anakimbia kusoma," akasema, akaanza kukusanya vikombe. Alipotoka kwenda kuviosha nikavuta daftari, nikaandika mwenyewe: Imesomwa.

Sasa Jumamosi. Viti vimepangwa uwanjani mwa ghala, wageni wa wilaya mstari wa mbele, ghala lenyewe limefungwa kwa kuwa siku hiyo hakuna kupokea mahindi, Leokadia meza ya pembeni anaandika muhtasari, na mimi nimesimama ndani ya gauni (lilinikaa vizuri, hilo silikanushi), naeleza jinsi mfumo wetu ulivyomwondolea mkulima usumbufu, na hapo kwenye neno usumbufu ukaingia mkokoteni wa ng'ombe umejaa magunia. Nikaendelea. Ukaingia wa pili, wa tatu, ng'ombe wanapumua mvuke kwa baridi, na nilipofika kwenye shukrani mikokoteni ilikuwa imejipanga hadi barabarani na hakuna aliyekuwa akinitazama mimi.

Mzee mmoja akashuka, akavua kofia, akaja hadi mbele. Baadaye nilijua anaitwa Mzee Ponsiano, wa kijiji cha kule ukingoni tunakoteremka kuelekea bonde la Rukwa, ambako ili upate mtandao unapanda mlima.

"Shikamoo, mzee," nikasema kwenye kipaza sauti.

"Marahaba, mama. Natoka kule ukingoni, nimeleta mahindi."

"Mzee, zamu yenu ilikuwa Jumanne."

"Jumanne sikuambiwa. Jana nimepanda mlimani, simu ikasema kesho. Leo ndiyo hiyo kesho."

Watu wakaanza kucheka. Na kwa kuwa sasa mzee yuko mjini, simu yake ikaita mfukoni. Ikaita tena. Ikaita mfululizo, maana kila jaribio la programu yangu lilikuwa limekaa foleni tangu Jumatatu likisubiri mlango wa mtandao ufunguke, na nyuma yake simu za wenye mikokoteni zikaitikia kama kwaya. Mzee Ponsiano akaitoa yake, akaisogeza mbali na macho, akasoma taratibu.

"Inasema kesho," akatangaza. "Sasa hapa nishushe, au nirudi nyumbani nije tena?"

Mgeni wa wilaya alicheka hadi akavua miwani. (Ndugu zangu wa mikoani mnaopenda kuitania Sumbawanga kwa uchawi, hapana, haikuwa vile mnavyodhani, ilikuwa programu.)

Mwenyekiti wa ushirika hakucheka. Akaniuliza mbele ya wote, "Hii programu ilikaguliwa?"

"Ilikaguliwa, mwenyekiti," nikajibu. "Tatizo ni mtandao."

Siku ile ya Alhamisi kosa lile lingetugharimu kalamu na dakika chache: neno kesho tuweke tarehe, na mstari mmoja wa kuiambia programu ikome. Kufikia Jumamosi liligharimu maksai waliotembea tangu alfajiri, familia zilizolala juu ya magunia yao hadi Jumatatu, na watu wa ushirika kuzunguka vijijini kwa pikipiki wakiwaomba wanachama wasiiamini simu. Kazi ile tulinyang'anywa. Mwisho wa mwezi Leokadia akahamia Namanyere, kwa dada yake mwenye duka la vifaa vya shule. Aliacha rula mezani.

Tangu hapo nasoma kwanza na kubonyeza baadaye, na sitoi kazi iliyokosa kimojawapo, hata fundi awe anasafiri. Lakini kusoma peke yako si kusoma. Macho yanaona ulichokusudia. Ndiyo maana juzi, nilipomaliza kuandika haya yote hadi hapa, nilitafuta namba yake, nikakaa nayo mkononi muda mrefu, nikapiga.

"Haloo, msomi," akasema, kana kwamba tuliachana jana.

Nikamwamkia. Nikamwambia nimeandika kitu, na yeye yumo.

"Isome. Kwa sauti, usiruke mstari."

Nikasoma. Kwenye gauni akaguna, kwenye Mzee Ponsiano akacheka hadi akakohoa. Nikasoma hadi hapo kwenye rula, nikaweka karatasi mezani.

"Umeruka mstari," akasema.

"Upi, dada?"

"Pale kwa mwenyekiti. Mimi ndiye niliyekuwa naandika muhtasari. Hukuishia hapo."

Nilijua ni upi. Haukuwamo kwenye karatasi, ikabidi niusome bila kuutazama: "Ilikaguliwa, mwenyekiti. Bi Leokadia ndiye aliyeisoma."

Nikasikia rafu ikisogezwa upande wa pili, mteja akiulizia daftari, naye akimwambia asubiri.

"Haya," akasema. "Sasa uandike, halafu unisomee tena kuanzia juu."