Giaboksi iliyokuja na kichwa cha kobe

Wakuu, salamu kwenu nyote. Haya sijawahi kumwambia hata pasta wangu. Sitaongeza chumvi, maana yenyewe ni machungu tayari.

Ni miaka ya tisini, nakaa mtaa wa Jericho, Nairobi. Nina pikapu kuukuu ya Kifaransa, nabeba nyama kutoka soko la Kiamaiko nikisambazia bucha za mtaani. Ndiyo iliyokuwa ikiwalisha mke wangu na mtoto wetu, Nekesa.

Siku moja giaboksi ikasaga meno, gari likabaki na rivasi pekee. Nilirudi nyumbani kinyumenyume kutoka sokoni, mtaa mzima ukinishangilia. Chekeni tu, hata mimi nilicheka.

Gari lilikuwa la zamani mno, giaboksi mpya haikuwepo. Na za kutumika zina ujanja wake: gari ni lile lile, lakini matundu ya bolti yanabadilika mwaka hadi mwaka.

Fundi wangu, Otieno, akafanya kama mafundi wetu walivyozoea. Akapaka grisi usoni mwa ile iliyokufa, akabandika kipande cha katoni, matundu yote yakajichora. Akayatoboa.

"Buda, zunguka na hii," akaniambia. "Tundu moja ikikataa, hiyo si yako. Na uhesabu meno ya shafti, usiamini mdomo ya mtu."

Nilizunguka siku nne na katoni kwapani. Siku ya tano, kwenye yadi moja ya vyuma nyuma ya Mukuru kwa Reuben, katoni ikakaa. Matundu yote, meno yote.

Nilifurahi hadi nikasahau risiti. Wala sikuuliza ilitoka gari gani. Hapo ndipo nilipokosea, wakuu. Tulikuwa hodari wa kupima chuma, anayekiuza hatumpimi.

Kwa magari yale, fimbo ya gia imeshikana na giaboksi, kwa hiyo zinauzwa pamoja. Otieno akaanza kuosha na mafuta ya taa. Kishikio cha juu kilikuwa donge la grisi. Akasugua, akasugua, kisha akaacha.

Kilikuwa kichwa cha kobe, cha mpingo.

Jericho nzima ilikijua kichwa hicho. Mzee Mutua, mchonga vinyago wa nyumba za nyuma yetu, alikichonga kwa ajili ya pikapu yake, ndugu ya yangu, ili mwanawe Kyalo kila akishika gia akumbuke kwenda polepole.

Miezi miwili nyuma, Kyalo alitoka asubuhi kupeleka vinyago mjini. Hakurudi yeye, wala gari.

"Buda, hii kitu ni moto," Otieno akanong'ona. "Karao wakiipata hapa, watasema ni sisi tulimaliza Kyalo."

Alisema kweli. Polisi wangetaka risiti, nami sina, na gari langu ni la aina ile ile. Na miaka ile ukiitiwa mwizi mitaa yetu ya Eastlands, hakuna aliyengoja ushahidi. Nikamwaza Nekesa.

Tukafungua kile kichwa, tukaweka kishikio cha plastiki. Kobe nikamfunga kwenye kitambaa, nikamficha ndani ya mkebe wa unga. Giaboksi ikaingia kwenye gari kama imezaliwa pale.

Wiki tatu niliishi kwa hofu. Mlango ukigongwa, nashtuka. Nikiona kofia ya polisi, jasho linanitoka. Kanisani Mzee Mutua alisimama kila Jumapili akaomba tumwombee Kyalo, nami nilifumba macho kuliko watu wote. Mke wangu akaniuliza kama nina malaria. Nikasema ndiyo.

Jumapili ya tatu Mzee akanisubiri mlangoni.

"Baba Nekesa, nasikia ulipata giaboksi. Uliitoa yadi gani?"

"Mbali, Mzee. Mbali huko."

"Sawa," akasema, akaenda zake.

Nilijua ile yadi ndiyo njia pekee ya kumfikia Kyalo, na mimi nimeikalia kama kuku anayeatamia.

Kesho yake asubuhi nikamtoa kobe kwenye unga, nikaenda. Nilimkuta Mzee kibarazani na patasi yake. Nikaweka kitambaa mbele yake, nikaeleza yote, kuanzia katoni hadi mkebe.

Alipangusa unga kwenye macho ya kobe kwa kidole gumba.

"Gia ya pili ya gari yangu ilikuwa inalia," akasema. "Miaka nane nimesikia hicho kilio. Siku ya kwanza ulipita hapa na nyama, nilijua."

"Mbona hukuita watu, Mzee?"

"Wangekuua kabla hujaniambia umeitoa wapi. Nikangoja uje mwenyewe, kisha nikakuuliza pole pole, ukasema mbali. Hapo hata mimi nikaanza kukuogopa."

Tuliondoka saa hiyo hiyo. Tulikuta uwanja mtupu, madoa ya oili tu ardhini. Mama aliyekuwa akiuza uji kando ya barabara akatuambia, "Mmechelewa. Wamehama juzi."

Juzi, wakuu. Wiki tatu nzima walikuwa pale.

Tulipiga ripoti polisi, tukaandika statement, nami nilihojiwa hadi nikatamani ardhi inimeze. Lakini nilirudi nyumbani. Kyalo hajaonekana hadi leo.

Kwa hiyo ukitafuta spea ya gari kuukuu, pima matundu, hesabu meno, kisha uulize imetoka gari gani na uandikiwe. Na ukigundua jambo, liseme siku hiyo hiyo, hata kama unatetemeka. Mimi nilijiokoa kwanza, na najuta mpaka sasa.

Nilitaka kumrudishia Mzee ile giaboksi. Akakataa. Alisema anataka kuisikia ikipita. Basi miaka yote niliyoendesha gari lile, nikifika mlangoni pake, hata kama barabara iko wazi, nilirudi gia ya pili.

Semeni, wakuu. Ungekuwa wewe, ungekaa na kobe siku ngapi? Hata matusi nitayasoma.