Nilimwambia Aokote Uzi

Kosa ni langu. Naanza na hilo kwa sababu wote wanaonifahamu wanadhani nilitenda wema, nami nimechoka kushukuriwa.

Nina ploti Kawangware niliyoachiwa na baba: vyumba vya mabati vinavyotazamana, korido ya saruji katikati. Mwenyewe naishi mbali nayo, kwenye fleti za Nyayo Highrise. Zamani nilikuwa nikienda kila Jumamosi. Nagonga mlango baada ya mlango, napewa chai, najua nani amejifungua na nani anaumwa mgongo. Siku hizi kodi inakuja kwa simu na malalamiko yanakuja kwa grupu ya WhatsApp. Nguo zilipoanza kuibwa kambani, niliweka kamera yenye spika. Nikiwa jikoni kwangu nafungua simu, naona korido yote, na nikisema neno linasikika kule.

Nililipenda jambo hilo! "Nani amemwaga maji hapo?" "Hizo jiko zirudi ndani."

Mwanzoni walicheka. Mama Brayo, mpangaji wa chumba cha tatu, alisimama mbele ya kamera akapiga saluti. "Ndiyo, mkubwa! Naomba ruhusa niende choo!" Ploti nzima ikaangua kicheko. Kisha wakaacha kucheka, na wakaacha kukaa nje. Mtu anachota maji, anaingia, anafunga mlango.

Aliyebaki nje ni Mama Mwende peke yake, mama mzee kutoka Kitui, msusi wa vyondo, vile vikapu vya katani. Kiti cha plastiki mlangoni, uzi wa katani mapajani. Kila nilipofungua simu alikuwa hapo. Nilijiambia kwamba kumwona ni sawa na kumtembelea.

Siku yenyewe ilikuwa saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi. Kamera hurekodi na huandika saa pembeni. Kiondo kilimponyoka, uzi ukabingirika hadi katikati ya korido. Hakuuokota. Nikabonyeza spika.

"Mama Mwende, okota huo uzi, watu watajikwaa."

Aliinua uso. Akainama upande, akanyoosha mkono wa kushoto, ukafika nusu ya njia, ukabaki hapo. Mkono wa kulia haukusogea. Niliyaona hayo yote!

"Haya, basi. Ukipata nafasi," nikasema. Nikafunga simu, nikaendelea kumenya viazi.

Saa tano nilifungua tena. Amekaa vile vile, uzi uko pale pale. Nikasema moyoni, leo huyu mama ameamua kunionyesha kiburi. Nikafunga.

Saa saba Mama Brayo alirudi kutoka kufulia watu nguo, akanipigia. "Mama Ploti, kuja! Mama Mwende haongei, mdomo umeenda upande! Kuja saa hii!"

Nilikodi teksi, tukamkimbiza hospitali. Daktari akauliza, "Ilianza saa ngapi? Kuna mtu aliyekuwa naye? Tafadhali, kwa kiharusi hiyo saa ni muhimu, ndiyo inayoamua dawa."

Jibu lilikuwa kwenye simu ndani ya mkoba wangu, pamoja na dakika zake.

"Hatujui, daktari," nikasema. "Tulimkuta hivyo."

Tukiwa kwenye benchi Mama Brayo akanigeukia. "Si kamera iko?"

"Stima ilikuwa imepotea, kamera ikazimika."

Akatikisa kichwa polepole. "Ai! Na mimi nilirudi saa nne kuchukua sabuni, nikampita. Nikamsalimia, hakujibu. Nilikuwa na haraka. Nikasema, aah, si Mama Ploti anatuona."

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anajilaumu yeye, analia, na mimi nikamwacha alie. Nikaenda chooni, nikaifuta ile video.

Mama Mwende hakufa. Mkono wa kulia haushiki kitu. Neno moja tu linatoka, "ii", na ndilo la ndiyo, la hapana na la maji. Mwende, binti yake, alikuja akamchukua kumpeleka nyumbani Kitui. Alinikumbatia mbele ya wapangaji. "Bila wewe na hiyo teksi, Mama angekuwa ameenda." Wakapiga makofi.

Kamera nimeing'oa. Wapangaji hawajarudi kukaa nje. Kile kiondo kiko kabatini kwangu, kimefika nusu.

Sijalia hata siku moja. Nangoja kilio kije, hakiji. Napika, nakula, nalala vizuri. Hilo nalo linaniogopesha.

Wewe unayesoma hili, kuna mtu unayemwona kwenye simu kila siku: mzazi, jirani, mpangaji. Unaona picha yake, unaona alikuwa mtandaoni, unasema yuko sawa. Usimwamini huyo wa kwenye kioo cha simu! Toka, nenda, gonga mlango, mshike mkono. Na ukiulizwa ulichoona, sema. Sema hata kama kitakuaibisha. Mimi sikusema, na mpaka leo sijui ile saa ingemsaidia au la. Nimekosa ujasiri hata wa kumuuliza daktari.

Kila Jumapili Mwende ananitumia picha ya mama yake, ameketi uani, mkono umelala mapajani. "Anakusalimia," anaandika. Naitazama kwa makini, namrudishia alama ya mikono ya maombi.

Kitui si mbali. Sijaenda.