Tofali la Mjomba Damasi

Watu wa parokia, mliniuliza kama lile tofali la mnara wa kanisa mlilonifungia kwenye kitenge lilifika. Lilifika. Nililitoa nyumbani kwangu Husby, hapa Uswidi, kwa sababu ya mjomba wangu Damasi, fundi mwashi mstaafu, aliyelazwa hospitali huko Flemingsberg akisubiri kupasuliwa moyo. Alisikia redioni kuhusu tetemeko la kwetu, akauliza kama kanisa limesimama. Wanawe wakamjibu kwa Kiswidi kwamba limesimama vizuri sana. Mzee akagoma. "Sipasuliwi na mtu mpaka niambiwe ukweli!" Wanawe wakanituma mimi, niliyekuwa nimetoka huko kwetu juzi tu, nikamwambie hivyo hivyo.

Saa mbili asubuhi niliondoka Husby. Jamani, tofali lina uzito! Treni ya chini ya ardhi ilipofunga breki, mfuko nilioutilia tofali ukateleza, likatoka likagonga kiatu cha mama mmoja Mswidi. Akatazama tofali, akanitazama mimi, akahama kiti. Huku watu hawagombani, wanahama.

Katikati ya mji nikabadilisha treni kuelekea kusini, na njia nzima nikafanya mazoezi ya kudanganya kwamba kanisa limesimama na tofali ni kumbukumbu tu. Hali mnaijua wenyewe: kanisa lililojengwa enzi za mkoloni halina paa wala ukuta uliosimama, mnara ulioongezwa baadaye umelala kwenye bustani ya masista, na nyumba yao ni kifusi chenye mlango mmoja tu, ambao Sista Berta bado anaufunga kwa kufuli kila jioni.

Saa nne niliingia wodini. Mjomba alikuwa amekaa kitandani kama hakimu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Uongo wako uache mlangoni."

Mazoezi yote yakayeyuka. Nikamwekea tofali mapajani. "Kanisa limeanguka, mjomba. Lote." Nikaanza kulia.

Akaligeuza, akalikwangua kwa ukucha. Mashine ya pembeni ikaanza kupiga kelele, nesi akaja mbio. Mjomba akamwinulia tofali usoni: "Udongo haukukanyagwa vizuri kabla ya kuchomwa! Nilimwambia Stefano!" Nesi, asiyejua Kiswahili hata kidogo, akakubali kwa kichwa.

Kisha mjomba akaniuliza polepole, "Hakuna kilichobaki?"

Nikatoa picha. "Choo cha masista tu. Hakina hata ufa."

Mabega yakaanza kumtikisika. Mungu wangu, nimemuua mjomba! Kumbe anacheka, machozi yanamtiririka.

"Mwanangu, miaka yote nawaambia watu wa Husby kwamba mnara niliujenga mimi. Mnara aliujenga Stefano, fundi mwenzangu. Mimi walinipa choo nijenge."

Akaomba kalamu, akatia saini ya kukubali upasuaji.

Jioni nilirudi Husby na mfuko mtupu, kwa kuwa tofali alikataa kuliachia. Nilichojifunza ni kwamba tulikuwa tukiulinda moyo wake dhidi ya habari aliyoihitaji kuliko dawa. Amepasuliwa, anakula, anasumbua manesi. Ana ombi moja kwenu, nami niliapa kulifikisha: Sista Berta alihamishie kufuli lake chooni.