Nyayo za Mzee Pale Bombani

Nyuma ya mtaa wetu, upande wa kwenda mtaa wa Tena, chini ya zile nyaya kubwa za stima, sisi akina mama tunalima mahindi. Majina ya wote waliowahi kulima pale ninayo kichwani, lakini sitayaandika, maana wengine bado tunakaa benchi moja kanisani.

Sheria ya pale ni moja. Mahindi yakikomaa, kabla hujavunja hata moja, mzee wa mashamba anakuja kupima kipande chako kwa hatua zake. Kila hatua kumi kamili, debe moja linaenda kwa mlinzi anayefukuza mbuzi na wezi. Zinazozidi bila kufika kumi, unasamehewa.

Mzee wa zamani alikuwa na miguu kama ya korongo. Kwangu alipata hatua ishirini, nikatoa madebe mawili, nikabaki na matatu. Halafu akarudi kwao magharibi, tukamchagua fundi wa nguo, mtu mfupi mwenye haraka. Akapita shambani kwangu tik tik tik, akatangaza: thelathini!

"Fundi, kwani shamba langu limezaa?"

"Shosho, mguu haudanganyi."

"Huo wako umepunguzwa kama suruali."

Wenzangu walicheka mpaka alipowapima na wao. Mimi nilikuwa nawaza sufuria. Madebe matatu yakienda yanabaki mawili, na mimi shosho nina wajukuu watano. Wale wakikaa mbele ya githeri, mahindi na maharagwe, hawaachi hata mchuzi.

Ndipo nikakumbuka bomba. Siku tulipomwaga simiti pale tunapoteka maji, yule mzee mrefu aliikanyaga ikiwa mbichi. Mimi ndiye nilimfukuza, mwiko mkononi, kelele mdomoni. Nyayo zake mbili ziko pale hadi leo.

Nikawapeleka wote bombani. "Fundi, hatua ya mzee si hii? Na hiyo futi ya kushonea iliyo shingoni mwako, ni ya urembo?"

Akainama, akapima kisigino hadi kisigino, tukakata ufito wa urefu huo. Tukarudi nao shambani. Kwangu zikawa kumi na nane. Debe moja!

"Shosh, wewe ni moto!" jirani yangu akapiga kelele.

Lakini fundi alirudi bombani, sisi sote nyuma yake, akaziangalia zile nyayo, akajikuna kichwa.

"Mbona zimeachana hivi? Shosho, wewe ndiye unakumbuka kila kitu. Siku hiyo mzee alikuwa anatembea au anakimbia?"

Akina mama wote wakanigeukia. Hata mlinzi aliacha kutafuna muwa.

"Wee baba, uzee huu," nikamwambia. "Siku hiyo imenipotea kabisa."

Jioni nilimpelekea mlinzi mahindi ya kuchemsha. Akala polepole, akajifuta mdomo, akasema, "Shosho, mimi siku hiyo nilikuwepo."

Nikamwongezea mengine mawili.