Kwanza Aisikie Aliye Mkekani

Nakumbuka mchana mmoja pale mtaani kwetu Shituru, enzi ambazo king'ora cha kiwanda ndicho kilichotupangia saa za kula. Jirani yetu Ilunga, fundi wa baiskeli, alikuwa ameuawa njiani akitoka mtaa wa Kikula. Kama ilivyo desturi yetu kwenye kilio, kila waombolezaji walipofika, mtu wa ukoo alisimama kueleza jinsi kifo kilivyokuja. Siku hiyo alisimama Kalenga, binamu wa marehemu.

Mwanangu, Kalenga alijua kusimulia. Alishusha sauti, akanyamaza palipotaka kimya, hata sisi wasichana tuliokuwa tukiosha sahani tukasahau maji. Kisha akaanza kugusia mtu fulani auzaye mkaa, si mbali na hapo. Mama yangu mkubwa akamkatiza bila kuinuka.

"We Kalenga, bibi ya Ilunga iko hapa kwenye mukeka. Huyu wa kuuza makala, ulimuona na macho yako?"

Kalenga akajibu kwamba hapana, watu ndio wanasema.

"Basi tuambie Ilunga alikuwa muntu wa namna gani. Kufa yake tumeshasikia."

Hapo yule bibi wa mkekani, mjane wa Ilunga, akasema mumewe alipiga mluzi kila alipoziba pancha, na tena alipiga vibaya. Tukacheka, kisha tukalia kweli. Muuza mkaa alikuja mazikoni, akashika koleo pamoja na wengine.

Nimeyakumbuka hayo jana, nikisikiliza podikasti yako juu ya yule kijana wa teksi ya pikipiki aliyeuawa Kikula. Una kipaji, nami najivunia. Hukimbilii jambo. Umetuwekea kelele za soko na mvua juu ya mabati, nikajiona nimesimama pale pale. Ila kilio cha mama wa kijana huyo umekikata katikati ili tungoje sehemu inayofuata, na kijana mwenyewe simjui bado. Najua tu alivyolala barabarani. Na sehemu ya mwisho, uliyonionjesha kabla ya kuitoa Jumapili, inamnyooshea kidole jirani yao mmoja, mwenye duka. Hakuna hakimu aliyemwita. Jumatatu watoto wake watakwenda shule na sauti yako ikiwatangulia.

Kalenga alikuwa na bahati: mjane alikuwa mbele yake. Wewe unazungumza na simu, peke yako chumbani. Basi nenda kwa yule mama, keti naye mkekani, umsikilizishe yote kabla ya Jumapili. Akikusahihisha, sahihisha. Muulize mwanawe alipenda nini, uanzie hapo. Lile la jirani hukuliona, wala hukulisikia kwa aliyeona. Liondoe, hata kama ndilo tamu kuliko yote.

Mungu akulindie sauti hiyo, mwanangu, na kila nyumba utakamotoka na hadithi, mlango wake ukufungukie tena ukirudi.