Neno la Mwenzangu wa Benchi

Kiingereza kina tabia moja inayonikera mpaka leo, ingawa ndicho kinachonilisha. Kinaazima maneno ya Kigiriki na Kilatini, kisha kinashindwa kuyazoeza desturi za nyumba. Chukua neno lao la jambo la ajabu: likiwa moja ni "phenomenon". Yakiwa mengi huruhusiwi kubandika "s" mwishoni kama kwa maneno mengine. Lazima useme "phenomena", kama walivyosema wenyewe huko lilikotoka. Wanafunzi wangu hapa Mikelenge, mjini Kindu, Kongo, hukasirika. Nawaambia wasinilaumu, si mimi niliyelileta.

Miaka ya vita, Kindu ilipozingirwa na watu wenye silaha waliojaa porini, shule yetu ya sekondari ilikuwa na kitabu kimoja tu cha Kiingereza, nacho kilikuwa cha mwalimu. Madaftari hayakupatikana. Basi mwalimu akatugawia maneno hayo korofi: kila mwanafunzi neno lake, alitunze kichwani pamoja na wingi wake. Asubuhi tulisimama mmoja mmoja tukayataja. Asiyekuwepo hakusemewa na mtu. Tulinyamaza kidogo, kisha zamu ikaenda kwa anayefuata.

Mimi nilipewa "crisis". Msichana mwenzangu wa benchi alipewa "phenomenon", nami nikamwonea wivu. Lilikuwa refu, alilisema akiinua kidevu, na darasa zima lilicheka kwa raha.

Njaa ilipozidi, watu walianza kujihatarisha kwenda kwenye mashamba ya mihogo nje ya mji. Mwenzangu alikwenda na shangazi yake Jumamosi moja. Hawakurudi, wala hakuna aliyeleta habari zao.

Tulinyamaza kwenye zamu yake kwa wiki nyingi. Mtihani wa taifa ulipokaribia, mwalimu aliuliza nani atalichukua neno lile. Niliinua mkono kabla hajamaliza kuuliza. Ningependa kusema nilifanya hivyo kwa upendo. Hapana, nililitaka.

Kwetu vitu vya marehemu hugawiwa matanga yanapoisha: huyu kitenge, yule viatu. Kabla ya hapo hakuna anayegusa hata kijiko. Darasani hatukufikiria kwamba neno nalo ni kitu cha mtu. Mama yake alifikiria. Habari zilimfikia jioni ileile, na kesho yake asubuhi akasimama mlangoni mwa darasa.

"Mwalimu, nani alikuambia mutoto wangu alikufa? Matanga yake iko wapi? Munaanza kugawanya vitu yake namna gani?"

Mwalimu aliomba radhi. Mama akanigeukia mimi.

"Ni wewe njo ulichukua neno yake?"

"Ndiyo, mama. Nimerudisha."

Alikaza kitenge chake kiunoni, akaondoka. Neno lile halikutajwa tena darasani mpaka mwaka ukaisha.

Vita navyo viliisha, nikawa mwalimu. Kila mwaka nikifika kwenye neno lile naliandika ubaoni na kuwaacha wanafunzi walisome wenyewe. Wanadhani nina ugonjwa wa koo. Ninaogopa kwamba nikilitamka nitakuwa nimemzika. Najua ni upuuzi, lakini naogopa. Miaka yote hii nimetaka kitu kimoja tu, mama yule anisamehe. Nikipita kwake mtaani Alunguli ananiitikia vizuri, anauliza hali ya watoto wangu, basi. Hajawahi kuligusia jambo lile, nami sijathubutu.

Mwaka huu alichoka kungoja. Aliita matanga ya binti yake bila maiti, na siku ya mwisho akafungua sanduku mbele yetu. Nilikaa mkekani pamoja na wanawake wengine. Nilitumaini atanipa chochote, hata kitambaa cha kichwa, nijue kwamba yamekwisha. Kitenge kilikwenda kwa binamu. Sketi ya shule ilikwenda kwa mjukuu, viatu kwa jirani. Sanduku likabaki tupu. Akanitazama, bila hasira hata kidogo.

"Wewe ulishachukua yako, mutoto wangu," akasema.